Milimita Tano za Baba

Plovdiv, 9 Juni 2003

Mdogo wangu Tsonka,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila magoti.

Tangu Pasaka hatusemezani, kwa vile nilikuambia mbele ya Baba kwamba hujui kazi. Nilipima mshipa wake mkubwa wa tumboni, ule uliovimba, nikapata milimita hamsini na sita, na kisu huanzia hamsini na tano: apasuliwe. Wewe ukapata hamsini na moja: asubiri. Sasa hataki hata kuiona mashine ya altrasaundi. "Mabinti wawili, majibu mawili! Niacheni na nyuki wangu."

Juzi nilipima wagonjwa kumi, kila mmoja mara mbili, muuguzi akinificha majibu ya kwanza. Mmoja alitofautiana kwa milimita nne. Yaani sipatani hata na mimi mwenyewe, Tsonka. Na ndimi niliyekufundisha kazi.

Nisamehe.

Dada yako,
Rumyana

Smolyan, 24 Juni 2003

Shikamoo dada,

Sisi wazima, mwanangu mdogo ameng'oka jino. Barua yako imenichekesha, kisha ikaniliza.

Nami nimejipima kwa njia yako. Mimi nisiyekosea, nimekosea milimita tatu! Halafu nikatoa picha zetu zote mbili za Baba. Dada, wewe unapima mshipa toka ukuta wa nje hadi wa nje; mimi toka wa ndani hadi wa ndani. Nyumba ni moja, wewe umezunguka uani, mimi nimekaa sebuleni!

Na usinune: unainamisha kipimio cha mkononi. Soseji ikikatwa kwa kisu kilicholala upande, mkato huwa mrefu.

Tukubaliane: kipimio wima, pumzi imeshikwa, nje hadi nje kama mpasuaji anavyotaka, mara tatu, kisha wastani.

Mdogo wako,
Tsonka

Plovdiv, 8 Julai 2003

Tsonka mpenzi,

Marahaba. Soseji! Nimenuna siku mbili, kisha nikajaribu. Wagonjwa kumi, tofauti haikuzidi milimita moja. Muuguzi kanipigia makofi.

Nimeomba chumba cha vipimo Jumapili tarehe ishirini. Mlete Baba, mwambie safari hii tunapima kwa njia moja. Kila mtu apime peke yake na aandike kwenye karatasi yake.

Dada yako,
Rumyana

Smolyan, 22 Julai 2003

Shikamoo dada,

Tumefika salama. Baba alilala njia nzima, ndoo ya asali mapajani.

Hamsini na tatu yako, hamsini na tatu yangu! Hakuna kisu, tutampima tena Oktoba.

Ulishangaa aliposema, "Rudieni." Tukarudia, sasa pamoja, tukapata ileile, akasema tena, "Rudieni." Ulipotoka kurudisha funguo nikamwuliza, "Baba, bado hutuamini?"

Akajifuta jeli ya kipimio tumboni kwa shati, taulo ipo pale pale.

"Namba nimeisikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Lakini kila mkirudia mnainamia hapa, vichwa vinagusana, mnasema 'shika pumzi' kwa sauti moja. Tangu Pasaka sijawaona hivyo. Ningelala pale mpaka kesho."

Mdogo wako,
Tsonka