Mlima Umehamia Kushoto

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mvua. Mlima umejificha kama mdaiwa.
Mwenye nyumba, Mama Kebirungi, amepanda ngazi kulalamika tena. Maji yetu ya udhu yanapenya sakafu na kudondokea saluni ya chini, juu ya vichwa vya wateja. Anauliza, Muzee, ni muguu gani hiyo inachafuka mara tano kila siku? Nikamwambia ni ya kushoto, ya kulia iko safi. Hakucheka. Nimemwahidi kununua beseni.
Jalia hakucheka pia. Mke wangu hajacheka tangu tulipovuka mpaka kutoka Beni kuja kupanga hapa Kasese, tukamwacha mtoto wetu Kasereka afunge duka atufuate. Duka gani hilo lisilokwisha kufungwa! Simu yake haipiti. Kila baada ya swala Jalia anabaki kwenye mkeka, mikono juu, mpaka chai inapoa. Leo amesema, Baba Kasereka, hapa dua haiendi, inagonga ukuta inarudi. Nikamwambia ukuta wenyewe mwembamba, tunasikia hata Olanya wa jirani akijikuna. Dua itapita tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Jalia amefunga begi. Jumapili ikipita bila habari, Jumatatu anavuka mpaka pale Mpondwe, anarudi kumtafuta mtoto. Ile barabara watu wanachinjwa juu yake! Nimesema hapana. Amesema, sikukuuliza, nilikuambia.
Nimeficha viatu vyake. Amevaa vyangu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Leo goti limenipa ruhusa. Nimekwenda msikiti wa mjini, mara yangu ya kwanza tangu tufike. Wakati wa kutoka, wingu limeondoka, mlima huo mbele ya watu wote. Ila uko kushoto. Watu wameswali mlima ukiwa kushoto! Nimesimama katikati ya barabara mpaka mtu wa bodaboda akanitukana kwa Lhukonzo.
Niandike hapa, maana hakuna wa kumwambia. Kwetu Beni marehemu baba alinifundisha: weka mlima begani kulia, uso wako utakuwa Makka. Hiyo ndiyo elimu niliyoimaliza. Siku tuliyoingia kwenye apatimenti hii nikachungulia dirishani, nikaona Rwenzori, nikatandika mkeka. Bega la kulia. Imamu kamili. Sikukumbuka kwamba tumeuzunguka mlima. Kule uko mashariki yetu, huku uko magharibi. Muda wote huu tunaionyesha Makka matako.
Nimerudi ndani kwa imamu. Nikasema nina rafiki, mzee mmoja mjinga, hivi na hivi. Akasema, mwambie rafiki yako zilizopita Mungu amezipokea, hakujua. Lakini ageuze mkeka leo, maana leo amejua. Kisha akaniona nachechemea, akaniuliza, na goti la rafiki yako linaendeleaje?
Nikimwambia Jalia, atasema kumbe ndiyo sababu mtoto haji, na hatangoja hiyo Jumatatu. Atavuka leo. Nisipomwambia —
Nimesema goti limeuma tena. Nimeswali chumbani, juu ya kitanda, upande wa kweli. Yeye sebuleni, upande wangu wa uongo.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimegeuza mkeka. Nikamwambia Jalia ni kwa sababu ya moshi wa nguruwe ya Olanya, unaingia upande ule. Olanya anafanya kazi kiwanda cha saruji, siku ya mapumziko anachoma barazani. Mtu mzuri, ila harufu! Jalia akasema, Olanya anachomaka Jumapili, leo Jumamosi.
Ameurudisha.

Jumapili, 12 Oktoba
Simu imelia, namba ya mtu nisiyemjua. Kasereka! Yuko Bwera, upande huu wa mpaka. Amevuka mzima, simu walimnyang'anya njiani.
Jalia amekwenda sijda palepale, nikadhani amezimia. Kisha akatoka mbio barazani akamkumbatia Barbara, mke wa Olanya, mikono ya Barbara imejaa mafuta ya nguruwe mpaka viwikoni. Jalia hakujali. Kilemba kimechafuka, anacheka. Nilikuwa nimesahau meno yake.
Akarudi akanionyesha kidole. Mukeka hii mutu asiiguse tena. Hapa ndiyo Mungu alinisikia.
Hayo nayo.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimefika Bwera asubuhi. Kasereka alikuwa amekaa pembeni mwa soko, amekonda, ndevu za beberu. Afande mmoja alikuwa amemwambia, kaa chini, karatasi iko wapi, kisha akamsahau hapo. Nikamwinua. Kitu cha kwanza ananitazama miguu. Papa, hii si viatu ya mama? Nikamwambia nyamaza, mama yako ameshika vyangu rehani.
Tulipopita Kikorongo, gari likakata kwenda Kasese. Mtoto akatazama nje. Akasema, Papa, mulima iko kushoto. Munaswaliaka wapi?
Mtoto mwenye akili ni adhabu ya uzeeni. Nikamwambia afunge mdomo, hilo neno ni la kwangu.
Jalia amempokea kwa kofi la mgongo, halafu ndiyo akalia.
Sasa wanatawadha kwenye beseni. Tutaswali jamaa, mimi mbele, tumshukuru Mungu. Jalia ameshatandika, uso kwa Bwera, Makka mgongoni. Mpaka Ijumaa nilikuwa mjinga. Tangu Ijumaa ni mwongo, nimemwacha anasujudu kinyume huku najua. Mjinga angesamehewa. Huyu mwingine, sijui kama Jalia atakubali tena kusimama nyuma yake. Lakini leo sitamswalisha uongo. Hata akifunga begi upya.
Nimeugeuza. Nimeukalia kwa uzito wangu wote asiweze kuurudisha, huku naandika. Kasereka ameona. Anakagua dari.
Jalia ameingia, maji yanamdondoka viwikoni. Ananiuliza nani amegusa. Nimemwambia, Mama Kasereka, kaa kwanza.
Hakai.