Dawa ya Kupe Kwenye Magodoro

Jumatatu, 5 Mei
Nimedeki mara mbili. Poti za watoto nimezisugua kwa sabuni, nikazisuuza, nikaziloweka kwenye maji ya klorini, nikazianika. Midoli ya plastiki vivyo hivyo. Watoto kumi na wanne, na mimi na uchafu hatuivi chungu kimoja. Mama Mbaruku, mwenye kituo, husema Korogwe ya Zamani yote hakuna mlezi kama mimi. Najua.

Jioni Mama Zaina alikuja kumchukua mwanawe, akamgeuza, akanionyesha mgongo. Kunguni. Alisema kwa upole, na hapo ndipo paliponiuma. Yeye hushinda Segera akiwauzia abiria machungwa, na mtoto wake huja kwetu msafi. Anarudi kwake ameliwa. Nimeona aibu hadi masikio yakapata moto.

Jumanne, 6 Mei
Klorini haiwagusi kunguni. Wanatembea tu.

Kwetu Handeni hatukuhangaika hivi. Baba alikuwa akipulizia vitanda dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, na tulilala. Tuko saba, wote wazima. Nimenunua chupa duka la pembejeo. Muuzaji alisema kifuniko kimoja kwa ndoo. Nimetia vitatu, maana kunguni hawa ni sugu. Nimefuta magodoro yote baada ya watoto kuondoka. Kichwa kinaniuma kwa harufu.

Jumatano, 7 Mei
Mvua tangu alfajiri. Magodoro hayakukauka, shuka nazo mbichi kambani. Niliyatandaza hivyo hivyo, watoto wakalala juu yake. Kunguni hakuna hata mmoja. Nilifurahi, mjinga mimi.

Walipoamka wawili wakatapika. Zaina hakuamka sawasawa. Yeye hunyonya pembe ya godoro mpaka usingizi umchukue. Udenda unamtiririka, jasho, anaharisha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Nilimbeba mgongoni nikakimbia naye hospitali, Mama Mbaruku nyuma yangu.

Daktari alimmulika macho, akauliza kituoni tunatumia dawa gani. Mama Mbaruku akanikanyaga mguu. Nikasema klorini. Akauliza tena: "Dada, hakuna dawa yoyote ya wadudu?" Nikasema hakuna. Nikamtajia hata kipimo cha klorini, kama mwanafunzi hodari. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Wale wawili wamepata nafuu. Zaina hapana. Malaria wamepima, hana. Wamemtundikia dripu ya kuharisha. Anapumua kwa kukoroma.

Mama Mbaruku kasema nikifungua mdomo kituo kitafungwa, na mimi nitaozea jela. Namchukia. Najichukia zaidi, maana mguu ulikuwa wake lakini ulimi ulikuwa wangu.

Saa nane mchana Mama Zaina, amekaa chini kando ya kitanda, alinikatia nusu ya chapati yake. "Kula, dada. Tangu jana hujatia kitu tumboni kwa ajili ya mwanangu." Nikaiweka kando. Nilitoka, nikaenda kituoni, nikachukua chupa, nikamkabidhi daktari. Alisoma kibandiko. Hakunitukana. Alikimbia. Sindano, na nyingine, na nyingine. Nesi akamvua Zaina gauni, akamwogesha mwili mzima kwa sabuni. Alikuwa na gauni lile lile la jana, dawa imelikaukia.

Ijumaa, 9 Mei
Zaina amefariki saa nne asubuhi. Miaka mitatu.

Amezikwa baada ya alasiri. Kabla ya hapo daktari aliniita pembeni. Sumu ile ina tiba, alisema, ila haingoji. Hakupandisha sauti. Bora angenipiga kibao.

Jumamosi, 10 Mei
Polisi wamefunga kituo. Nimeandikisha maelezo: dawa, vifuniko vitatu, magodoro mabichi. Nirudi kesho kutwa. Nilichomwambia daktari Jumatano hawakuuliza. Nami sikusema.

Jumatatu, 12 Mei
Asubuhi polisi. Wameniambia nisitoke Korogwe.

Mchana wameanua matanga. Nilikwenda. Nilikaa uani na waosha vyombo, sikutaka kuonekana. Mama Zaina akanifuata huko huko. Nilitamani anipigie kelele mbele ya watu wote. Nikamwomba msamaha kwa ile dawa.

"Hata sisi nyumbani tunaipulizia," akasema. "Hukujua. Lakini Mama Mbaruku alinyamaza, wewe ukasema. Usingesema, ningezika mwanangu bila kujua kilichomuua. Ahsante, dada."

Alinishika mikono yote miwili, ina mapovu. Hajui kwamba niliulizwa Jumatano. Hajui niliulizwa mara mbili. Nilifungua mdomo.

Nikasema, "Pole sana, Mama Zaina."

Akarudi ndani kwa wenzake. Sahani zilikuwa bado nyingi. Nikaendelea kuosha.