Mpira Kwanza, Meza Baadaye

Kocha,

Nimesema. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda hadithi ndefu kabla ya matokeo. Ukipigiwa simu baada ya mechi ulikuwa unauliza mabao kwanza, salamu baadaye, nasi tukawa tunasema Mjerumani huyu hana adabu. Basi matokeo ndiyo hayo. Nimesema mbele ya watu wote, nyumbani kwako Bungoma, siku ya tatu baada ya kukuzika, na bado niko hai. Tangu siku hiyo nalala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Tulikuzika vizuri. Mvua ilinyesha, bila shaka. Ulipofika Kitale, kila mtu alikuuliza kwa nini mtu aliyecheza mpira wa mikono kwa mshahara huko Ujerumani, kisha akawa afisa wa timu kubwa, amekuja kufundisha wasichana kwenye uwanja wa saruji wa shule. Ukawajibu kwamba umekimbia mvua. Umekimbia mvua ukaja Kitale! Wakwe zako walicheka mpaka wakakupa jina la Wafula, jina la mtu aliyezaliwa wakati wa mvua. Mimi ni Cherop, na kwetu Endebess maana yake ni ile ile. Ulipojua hilo ulifurahi kuliko siku tuliyoshinda kombe la kaunti.

Siku hiyo ya tatu wazee waliketi uani, kama ilivyo desturi ya wakwe zako, kumsikiliza kila mwenye neno na marehemu. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake akauliza, "Kuna mtu ako na neno na malehemu? Aseme sasa, asilete baadaye." Wambui, golikipa wetu, alikuwa ameketi karibu nami anatafuna karanga. Mimi nikajikuta nimesimama.

Sikuwa na njia nyingine. Wiki uliyofariki kamati ya timu ilinichagua kuwa meneja wa timu, nikalie kiti chako pale kando ya uwanja. Kiti ulichonyang'anywa kwa sababu yangu! Ningekikaliaje, Kocha, na uongo ule tumboni?

Niliwaeleza wazee tangu mwanzo, maana wengi hawaujui mchezo wetu. Nikasema kila timu ina kadi ya kijani. Afisa wake akiiweka mezani kwa mtunza saa, mchezo unasimama dakika moja, wachezaji wanapumzika na kupangwa upya. Ila iwekwe tu wakati mpira uko mikononi mwa timu yako, la sivyo ni kosa. Uliniambia hayo siku goti langu liliponitoa uwanjani na ukanifanya msaidizi wako. "Mpira kwanza, meza baadaye." Uliyarudia maneno hayo mpaka nikakuomba unionee huruma.

Halafu nikawasimulia fainali ya miaka mitatu iliyopita, ile ya kupanda ligi kuu. Tulikuwa sare, zimebaki sekunde chache, wasichana wako hoi. Niliona tuna mpira, nikageuka, nikakimbilia mezani. Hatua tatu tu. Kumbe ndani ya hizo hatua tatu tumenyang'anywa mpira, na msichana wao yuko peke yake anamwendea Wambui. Kadi yangu ikatua mezani. Filimbi ikalia, refa akawapa adhabu ya mita saba, wakafunga. Ligi kuu tukaiona hivyo hivyo ikituaga.

Kabla sijafungua mdomo ulikuwa umeshasimama mbele ya kamati, vile vidole vyako vilivyopindishwa na mpira viko hewani, unasema, "Mimi nimemtuma. Makosa yangu." Hukunituma. Ulikuwa umenipa mgongo, unampigia kelele Wambui asogee. Kamati ikakuachia mazoezi tu, umeneja ikauchukua, hata benchi ikakukataza siku ya mechi. Miaka mitatu walimu walipokezana kiti chako, na wewe ukawa unatazama mechi zetu kutoka nje ya seng'enge. Mimi nilikuletea chai kwenye kile kikombe cha plastiki cha bluu, nikakupitishia kwenye tundu la waya, nikaondoka haraka nisikutazame machoni. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa wasichana watanichukia. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Nikamaliza hapo. Nikamgeukia Wambui. Akameza karanga zake polepole, akasema, "Cherop, si mimi nilikuwa golini? Niliona Kocha amekupa mgongo. Nimekuwa nikingoja tu useme, bana." Miaka mitatu! Nilitaka kumzaba kofi, nikaishia kumkumbatia na kulia kwenye kitambaa chake kipya.

Lakini aliyenimaliza ni mkeo. Mama Nekesa alikuwa ameketi kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, akasema bila kuinua sauti, "Baba Nekesa hakukimbia mvua yoyote." Akatuambia kwamba msimu wako wa kwanza wa uafisa, baada ya kuacha kucheza, uliweka kadi mezani timu yako ikiwa imepoteza mpira, katika mechi ambayo haikufaa kupotea. Magazeti ya kwenu yakakuchora na kadi mkononi. Watu wakakuzomea dukani ukinunua mkate. Na wale uliocheza nao miaka kumi, hakuna hata mmoja aliyekusemea. Ukafunga sanduku, ukaja huku. Akasema jioni ya fainali ulirudi nyumbani ukaomba chakula, ukamwambia, "Huyu msichana hatakimbia nchi yake kwa sababu ya karatasi."

Kocha, ungeniambia! Hapo nilikukasirikia, nakiri. Ningejua tu kwamba hata wewe ulikosea hatua zile zile, nisingeubeba mzigo ule peke yangu. Lakini hasira haikudumu. Mzee wa fimbo aligonga chini akasema, "Neno limesikika. Lisirudi tena." Nikakaa chini, na Wambui akanimiminia karanga mkononi.

Jumamosi iliyopita tulicheza hapa Kitale, mechi yangu ya kwanza kwenye kiti chako. Mama Nekesa alikuwa amenitumia kadi yako mwenyewe, ile uliyoizungushia selotepu pembeni. Kipindi cha pili tukawa nyuma kwa mabao mawili. Nikatazama mpira, uko mikononi mwetu. Nikatazama tena. Nikatazama mara ya tatu, mpaka mwalimu aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama naumwa. Ndipo nikaenda mezani.

Wasichana wakaja, wakanizunguka, wakasubiri maagizo. Sikuwa nayo. Nikasema, "Hii ni ya Kocha." Basi. Tukakaa kimya dakika nzima, tunahema tu, jasho linadondoka kwenye saruji. Wapinzani walikuwa wanatuchungulia. Nadhani walidhani tumeleta mbinu mpya kutoka Ulaya. Tulitoka sare, na hakuna aliyesikitika.

Nakuahidi jambo moja. Siku msichana wangu atakapokosea, nitasimama mbele yake kama ulivyosimama. Ila kesho yake nitamwita, nimpe chai, nimwambie kwamba hata mimi niliweka kadi mpira ukiwa umeshapotea, na wewe pia. Kwa wema umenizidi, lakini kwa mdomo nitakuzidi.

Pumzika sasa, Wafula wetu. Wiki ijayo tunakwenda Webuye. Nitabeba thermosi na kile kikombe cha bluu, na safari hii chai yako haitapita kwenye waya. Nitaimimina nikiweke kikombe kwenye benchi, upande wangu wa kulia, mahali pako.

Msaidizi wako,
Cherop