Asubuhi za Suud

Jumanne, 13 Januari 2026

Kompyuta imeingia giza. Si kwamba imezimika — mashine inanguruma, taa yake ya kijani inawaka, feni inazunguka. Kioo tu ndicho cheusi tii.

Nimejitakia. Wiki nzima kile kisanduku cha maneno kinachomoza pembeni: toleo jipya liko tayari, kubali. Nakifukuza, kinarudi. Leo kikajibandika pale pale kwenye picha ya mlango wa duka, na Suud alikuwa anainama kuufungua. Nikabonyeza kubali ili kinipishe. Mashine ikajizima, ikawaka, ikazungusha viduara vyake hadi adhuhuri. Kisha giza.

Nilikuwa natazama picha za Jumatatu moja ya Desemba, siku chache kabla hajafa. Suud mzima, na lile shati lake la mistari ninalolichukia.

Kamera za dukani aliziweka mwenyewe, na kompyuta akaileta huku juu ghorofani ili nami nilione duka. Eti nisichoke peke yangu. Kila asubuhi akishapandisha mlango wa bati, anaitazama kamera, anainua mtungo wa funguo na kuutikisa. Maana yake: nimefungua, chai iko wapi? Miaka yote hiyo hajapiga simu hata mara moja kuomba chai. Muuza vitasa na kufuli, chai anaiita kwa funguo.

Tangu nikae eda, asubuhi hizo ndizo zinazoniamsha. Bi Kuruthumu, mama mdogo wa Suud anayekaa nami humu ndani, anadhani nasikiliza mawaidha. Sijamwambia.

Jumatano, 14 Januari

Nimempigia Rogath. Ndiye fundi aliyezifunga zile kamera, ana kibanda chake mtaa wa pili, na jioni walikuwa wanakunywa kahawa pamoja na Suud. Mtu wa Rombo, mtaratibu, kila sentensi anaanza na pole shemeji.

Ameniongoza kwa simu. Shikilia kitufe mpaka izime. Washa. Izime tena. Vidole vitatu hapa, kimoja pale. Nimefanya kila kitu. Giza.

Kisha akauliza, shemeji una haraka gani, kwani mule mna nini? Nikamweleza. Akasema kile kinasa cha dukani, kinachohifadhi picha za kamera, kinatunza mwezi mmoja tu, basi. Kikijaa, siku mpya inakula siku ya zamani zaidi.

Sikujua! Nilidhani Suud yumo mle wote, toka siku ya kwanza. Kumbe kila siku duka likifunguliwa, siku yake moja inaondoka. Ile Jumatatu ya shati la mistari imeshakwenda.

Nikamwuliza kwa nini asichukue picha kutoka kule chini kwenyewe. Haiwezekani, kinasa kina neno la siri, na Suud hakumwambia mtu. Kompyuta ya juu ndiyo inayolikumbuka. Na kompyuta yenyewe imepofuka.

Nimekaa chini sakafuni. Bi Kuruthumu akaniuliza kama ni presha.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemtuma binti yangu Anfal amwombe Taimur azime kamera siku mbili tatu. Taimur ni mdogo wake Suud, ndiye anayeuza dukani sasa. Akapanda mwenyewe, akasimama nje ya pazia la mlangoni. Akasema wiki iliyopita wezi wamevunja kwa Talha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, wamebeba mzigo wote. Duka la kufuli lizime kamera? Tutachekwa Kariakoo nzima. Halafu akashusha sauti: shemeji, marehemu tumwache apumzike. Picha hazimrudishi mtu.

Nikamjibu sijaomba arudishwe. Nimeomba asifutwe.

Akasema tutaona. Kwao tutaona ni hapana, hata Suud alikuwa hivyo hivyo. Alipoteremka nikalia kwa hasira. Yeye alimteremsha kaka yake kaburini kwa mikono yake, mahali alipolala anapajua. Mimi nilimwona mpaka hapo mlangoni.

Bi Kuruthumu alikuwa anasikia yote. Kumbe hayo ndiyo mawaidha yenyewe, akasema. Hakunigombeza.

Ijumaa, 16 Januari

Anfal ameibeba mashine kwa Rogath kabla ya kwenda kazini. Saa tano Rogath akapiga: shemeji, hapa kwangu inawaka fresh kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini kwake haikipati kinasa, kipo dukani kwetu. Lazima irudi.

Tatizo ni kioo chako, akasema. Akampa Anfal kioo chake kingine.

Jioni tumeunganisha. Giza. Vioo viwili, vyote vyeusi, na mimi katikati kama mjinga.

Jumamosi, 17 Januari

Tumefikiria kuiteremsha mashine dukani kwenyewe, labda huko iwake kama kwa Rogath. Taimur amefunga mapema, kaenda Tanga harusini na funguo zote. Atafungua Jumatatu.

Rogath amehesabu. Jumatatu tutakuwa tumechelewa.

Sijala.

Jumapili, 18 Januari

Rogath amekuja alipotoka misa. Mimi katika eda siwezi kukaa naye uso kwa uso, basi akaweka kigoda chake ukumbini nje, pazia katikati, na Bi Kuruthumu akakaa ndani karibu na mlango na tasbihi yake. Rogath anauliza, mikono ni yangu.

Nisomee nyaya za nyuma, shemeji. Mmoja mmoja, usiruke. Nikasoma: huu wa umeme. Huu wa kioo. Huu wa kamera, unaoteremka chini. Na huu mwingine mweusi? Unaenda ukutani, kwenye TV.

Akauliza: TV imewashwa?

TV gani? Hii nyumba ya msiba. Ilizimwa siku ile ile, na Bi Kuruthumu akaifunika kanga. Suud aliunganisha waya huo atazame mpira kwa ukubwa. Nani angeukumbuka?

Rogath akacheka kidogo, akajizuia. Basi haijapofuka, akasema. Toleo jipya limejipangia kioo kimoja tu, na limechagua TV. Ndiyo maana kwangu iliwaka. Picha yote inaenda huko.

Siku zote hizi nakodolea macho kioo cheusi, kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni kufunua kanga.

Nikasita. TV katika eda, mimi nikaifunue? Bi Kuruthumu akanyanyuka, magoti yanalia. Niliifunika mimi, akasema, naifunua mimi. Akaikunja kanga kwa pembe nne, akaweka begani, akatafuta swichi.

Ikawaka.

Orodha ya siku inaanzia Jumamosi, tarehe ishirini Desemba. Kabla ya hapo hakuna kitu. Asubuhi zangu zote zimeliwa, imebaki moja, na ni ile ya kifo chake. Saa nne siku hiyo Suud alianguka dukani, kwenye masanduku ya bawaba. Hayo niliambiwa. Mimi nilitoka alfajiri kwenda Mchikichini sokoni kuwahi belo za viatu vya mitumba zikifunguliwa. Nilidhani nitarudi kabla ya chai.

Rogath anasema toleo jipya limegoma kunakili siku nzima kwa mkupuo. Njia ni kuiacha picha ipite yenyewe, na mashine irekodi kinachopita. Usiku wa leo kinasa kinaanza kuila Jumamosi hiyo. Anzia saa mbili, shemeji. Utakata pale utakapotaka mwenyewe. Alilisema hilo polepole. Kisha akasogeza kigoda mbali na pazia, lakini hakuondoka.

Nimebonyeza.

Mlango wa bati unapanda. Suud anaingia, anajifuta jasho, anageuka. Anainua funguo. Anatikisa. Kwenye TV ni mkubwa sana, naona mpaka kifungo kilicholegea ambacho sikukishona.

Bi Kuruthumu akauliza, anasema nini?

Anataka chai.

Akaenda jikoni. Nasikia maji yanachemka.

Nilichokitaka nimekipata. Ningekata hapo hapo. Lakini yupo. Anapanga kufuli kubwa mbele, ndogo nyuma, kama nilivyomwambia mara mia na hakuwahi kukubali mbele yangu. Anaongea na mteja, anacheka, sisikii nini. Nikikata, haya yote usiku yanaliwa. Nisipokata, saa nne inafika.

Nimelichukua daftari ili macho yapate pengine pa kukaa. Nikiinua namwona. Nikishusha naandika. Saa tatu na nusu imepita.

Bi Kuruthumu ameleta chai. Ameimimina kwenye ile chupa ndogo ya kupelekea dukani, sijui kwa kusahau au vipi. Ameiweka mezani, ameshika mkono wangu usio na kalamu.

Suud ametoka kwenye kiti. Anatazama juu tena, kwenye kamera. Anainua funguo, anatikisa mara ya pili. Anangoja. Chai siku ile haikuteremka.

Rogath anauliza nje ya pazia, umekata, shemeji?

Bado. Anaelekea kwenye masanduku, funguo bado zimo mkononi. Naweka kalamu chini.