Chupa za Sadiya

Kiwanjani, Isiolo

Dada Dahabo,

Salaam aleikum. Mvua bado imekataa, lakini mbuzi wa mama wako sawa, na mimi bado niko na kazi kule kwa maji. Watu husema kiwanda. Ni chumba kimoja na tangi. Kazi yangu ni kupuliza plastiki ya kifuniko kwa ile mashine ya saluni ya kukausha nywele, mpaka ibane na chupa ionekane imetoka mbali.

Chujio liliharibika kabla ya Ramadhani. Nilipomwambia bosi alicheka. "Waqo, watu husoma lebo. Nani husoma maji?" Nikacheka pia, maana mwisho wa mwezi ulikuwa karibu.

Uliagiza Sadiya wako anywe maji ya chupa tu. Mama ametii. Yetu ya kisima anachemsha, ya mtoto hachemshi, anasema ya dukani yamekuja tayari. Ni mimi nilikuwa naleta, kutoka kazini. Sikumwambia kitu.

Mama alikwambia kwa simu Sadiya ana homa kidogo. Ni tumbo, dada. Amelazwa tangu Jumatatu, na leo hajanijua. Panda basi ya kwanza.

Asubuhi nesi alinituma: "Mjomba, lete maji safi, ya chupa." Maduka matatu hapa nje ya hospitali yanauza ya kiwanda chetu peke yake. Nilirudi na moja. Nesi akakagua kifuniko. "Hii ni nzuri, imefungwa vizuri."

Nimekaa nayo hapa benchi, sijaifungua.

Ndugu yako aliyeifunga,
Waqo