Ushuhuda Wenye Vidonge

Mtaa wa Fedha, Nairobi
Jumamosi asubuhi

Dada yangu mpendwa Ndunge,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa shemeji yako Ndung'u. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako sasa linakuruhusu kupanda kilima cha kanisani bila kupumzika njiani. Sisi huku hatujambo. Muthokoi ulionitumia ulifika salama, mahindi yamekobolewa vizuri, nikaupika na maharagwe, na Ndung'u, ambaye zamani alikuwa akiuita chakula cha kuku, aliongeza sahani ya pili akakwangua na sufuria. Mwandikie umpe pole.

Uliniomba kwa simu nije Jumapili ya shukrani, nisimame mbele ya kanisa nitoe ushuhuda wa kupona kwangu. Sikukujibu palepale, ukaona naringa. Siringi, dada. Jibu langu ni refu, na kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, maana nakujua. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Nianze na habari njema. Nimerudishwa kortini! Si kwenye mafaili, ni kortini penyewe, hapo Makadara, nasimama kando ya kizimba natafsiri Kikamba kwa Kiswahili mbele ya hakimu. Unakumbuka mwaka jana nilivyotoka mbio katikati ya ushahidi, moyo unanidunda, pumzi imekatika, nikidhani ninakufa pale kwenye korido. Ikanipata tena na tena, mpaka nikahamishiwa masijala. Mkuu wangu aliniambia kwa upole kwamba angenipa nafasi moja tu ya kurudi, na nikishindwa, kazi ya ukalimani itapewa mtu mwingine. Sikumlaumu. Mtu asipoelewa anachoulizwa kizimbani, anaweza kufungwa kwa sababu yangu.

Ndipo nikaenda kwa Daktari Mukami, yule uliyemwita daktari wa wazimu. Aliniambia sina wazimu, nina ugonjwa wa wasiwasi, na ugonjwa huo unatibika. Nami nilimbana kwa maswali kuliko wakili yeyote. Nilimwambia ulimi wangu ndio jembe langu, je, dawa haitalitia butu? Hakunificha kitu. Alisema kuna vidonge vya kutuliza upesi, lakini huleta usingizi, akili huwa nzito, na mwili ukishavizoea, kuviacha ni kazi. Kwa mtu wa kazi yangu hakuvitaka. Vipo vingine vya kumeza kila siku. Hivi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida, na mwanzoni huweza kuleta kichefuchefu, kukosa usingizi, hata wasiwasi wenyewe ukazidi kidogo. Akaniuliza kama nina mimba, kama nakunywa pombe, na kama kuna dawa nyingine ninazotumia, zikiwemo zile za miti shamba unazonitumia. Nilizitaja zote, akaandika, hakucheka. Akasema pia ningeweza kuanza na mshauri wa kuzungumza naye tu, bila dawa, au nikachukua vyote viwili. Mwisho akaniuliza nikikaa hivihivi bila kufanya lolote, hasara yake ni nini. Nikaikumbuka ile korido. Nikachagua vyote viwili.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Chai ya asubuhi ilinitoka puani, na nilimgombeza Ndung'u kwa sababu ya kijiko. Lakini polepole nikaanza kulala, nikaanza kwenda sokoni peke yangu, na siku moja nikajisikia nikiimba huku naosha vyombo. Hapo ndipo wewe na akina mama wa maombi mliponipigia simu, mkasema imani na vidonge haviketi kiti kimoja. Dada, nilivimwaga chooni nikavuta maji mkiwa bado mnaimba kwenye simu. Ulilia kwa furaha, na tangu siku hiyo umekuwa ukisimulia kijiji kizima jinsi Muthoki alivyotupa dawa akapona.

Sasa nikueleze siku yenyewe ya kurudi kortini. Kizimbani alikuwa Mzee Nzau, mchongaji wa vinyago, aliyeshtakiwa kwamba aliiba vinyago pale alipokuwa akifanya kazi. Mzee huyo Kiswahili hakimtoki vizuri. Kiongozi wa mashtaka alikuwa na haraka, anarusha maswali moja juu ya jingine. Katikati yake nikasikia moyo umeanza mbio zake, na viganja vimelowa. Nilikanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, nikatoa pumzi taratibu kama mshauri alivyonifundisha, na badala ya kukimbia nikamwomba hakimu maswali yaje moja moja ili mzee ayaelewe. Hakimu akakubali. Sauti yangu ilibaki na mimi mpaka mwisho, na kila neno nililifikisha. Mzee Nzau aliachiliwa. Nje alinishika mikono akanitemea mate ya baraka viganjani, kama wazee wetu wanavyofanya, na wakili wake, kijana wa mjini, akatutazama kana kwamba tumepagawa. Nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuipima.

Lakini dada, asubuhi ile, kabla ya kutoka nyumbani, nilimeza kidonge changu kwa chai. Ninavimeza mpaka leo.

Baada ya kuvitupa, hazikupita siku nyingi kichwa kikaanza kunishtua kama niliyeguswa na waya wa stima. Kizunguzungu kikaja, nikawa nalia bila sababu, na ule wasiwasi ukarudi na nguvu zake zote. Ndung'u alinirudisha kwa daktari. Daktari hakunikaripia. Alinieleza kwamba dawa hizi haziachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo akiwepo, na siku ya kupunguza ikifika tutaamua pamoja. Nikaanza upya. Ninyi hamkujua mabaya hayo, kwa kuwa kila nilipopokea simu yako nilikukuta unaimba, nikashindwa kukukatiza wimbo.

Ningeendelea kunyamaza, lakini juzi nilipigiwa simu na mtu wa kanisa letu. Jina lake silitaji, na usimtafute. Yeye pia anameza dawa kama zangu, amezificha ndani ya mkebe wa unga. Amekusikia ukisimulia habari zangu, na alitaka kujua nilijisikiaje nilipozitupa, kwa maana naye alikuwa amejiandaa kufanya hivyohivyo.  Nikamwambia asithubutu, nikamwambia yote niliyokuambia wewe sasa, na amekubali kurudi kwanza kwa daktari wake.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Nitakuja Jumapili ya shukrani na nitasimama. Nitasema Mungu ameniinua, kwa kuwa ndivyo ninavyoamini, nawe umeniombea kuliko mtu yeyote. Nitasema aliniinua kwa maombi yenu, kwa mshauri, kwa daktari aliyenieleza mazuri na mabaya bila kunificha, na kwa vidonge hivi, ambavyo vitakuwa mkononi mwangu, wala si chini ya leso. Ukiona haifai, niambie mapema, lakini ujue nitakuja hata hivyo. Nimetafsiri maneno ya watu wengi, dada, na siku hiyo nitasema yangu mwenyewe.

Nisalimie Mama, mwambie nywele zake nitakuja kuzisuka mimi. Wasalimie watoto, na akina mama wa maombi wote, bila kubagua. Ndung'u anasema asante kwa muthokoi, amelazimika.

Niwekee nafasi kando yako kwenye benchi la mbele.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Muthoki,
mkalimani wa mahakama