Jua la Siku Tuliyokuzika

Mzee wangu Kipruto,

Nina hasira, na hapa ofisini ni wewe tu uliyekuwa ukinivumilia nikiwa na hasira. Kwa hivyo nivumilie tena.

Wamesema hukuwa unapanguza kioo.

Ndiyo, wewe! Wewe uliyepanda paa la kituo chetu cha hali ya hewa hapa Kiplombe kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai, ukafuta kile kibakuli cha kioo cha kipima-jua kama mama anayemfuta mtoto makamasi. Mkuu wetu mpya alilinganisha vipimo vyako na hesabu ya kompyuta, ile inayokadiria jua linalopaswa kufika chini siku isiyo na wingu. Akaona kwamba kila kiangazi vipimo vyako viko chini. Basi akasema mkutanoni, "Huyo mzee alikuwa amechoka. Lazima alikuwa anasahau kusafisha sensor. Model haiwezi kukosea kila mwaka." Watu uliowafundisha kazi wakatikisa vichwa kukubali. Nilitamani kutupa kiti.

Sasa wanataka nivipandishe vipimo vyako vyote vya kiangazi, hata vya kiangazi hiki ulichotuacha, mpaka vilingane na kompyuta, na vile vya kwanza nivifute. Eti huko ni kusahihisha.

Unakumbuka nilipokuja kutoka Kisumu na mfuko wangu wa omena, wale dagaa wa kwetu, nikakuambia leo hakuna wingu, kwa hivyo jua limefika lote? Ulicheka mpaka kofia ikaanguka. "Wewe msichana wa omena, kukosa wingu si kuwa safi. Weka kidole gumba hapo juu, funika jua yote. Usiiangalie! Angalia kando ya kidole. Ukiona blue mpaka kwa ukucha, hewa ni safi. Ukiona nyeupe, hiyo ni moshi na vumbi, inakula jua yetu." Kompyuta yao imepewa hewa safi mwaka mzima. Haijawahi kuona wakulima wetu wakichoma mabua ya mahindi kabla ya kulima.

Tulikuzika kijijini kwenu, Ziwa, katika msimu huo huo wa kuchoma mabua. Hapakuwa na wingu hata moja. Wakati mhubiri anaomba, niliinua kidole gumba juu ya kaburi lako. Mke wako alidhani najikinga macho nisionekane nikilia. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa napima pia. Weupe ulizunguka kidole changu chote, Mzee. Jua lilikuwa limefifia, na niliona lilistahili kufifia siku hiyo.

Baada ya ule mkutano nilimpandisha mkuu juu ya paa saa sita mchana, mbingu haina wingu. Nikapanguza kioo mbele ya macho yake, kwa kitambaa chako. Kipimo kikabaki chini vilevile. Nikamwambia ainue kidole. Akainua, akatazama, akakohoa. Nilijua ameona. Unajua alisema nini? "Ripoti imeshaandikwa." Halafu akashuka ngazi akijipangusa suti vumbi lile lile analosema halipo.

Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa hajui, ningemfundisha kama ulivyonifundisha. Lakini anajua, na bado anataka jina lako libebe uchafu wa hewa ya kaunti nzima.

Nimekataa. Nimemwambia waziwazi, kwenye ripoti aandike anachotaka na aweke sahihi yake mwenyewe, lakini vipimo vya kwanza sivigusi. Akasema naweza kuhamishwa. Nikamwambia anihamishe. Kabla hawajanitoa, nimevituma kama ulivyoviacha kwa kila kituo tunachobadilishana nacho vipimo, pamoja na maelezo ya moshi na jina lako juu yake. Hawawezi kuvifuta kote.

Ilinibidi, Mzee. Kati ya siku wanazotaka kuzipandisha ipo ile ya maziko yako. Wangeandika kwamba jua lilituwakia kikamilifu pale kaburini, kana kwamba hakuna kilichopungua.

Sasa lala. Kioo nimekipanguza asubuhi hii. Popote watakaponipeleka nitainua kidole kwanza, ndipo nisome kompyuta. Na siku tuliyokuzika, nakuahidi, itabaki na jua pungufu kama tulivyoliona.

Msichana wako wa omena,
Akinyi